Tarakimu za Kige'ez ndani ya kompyuta: kwa nini ፻፼ si sawa na ፼፻

Elfu yetu ni 1,000. Vuka mpaka wa kaskazini wa Kenya uingie Ethiopia, ufungue kitabu cha Kige'ez, lugha ya kale ambayo Kanisa la Orthodox la huko linasali kwayo hadi leo, na utakutana na neno elf. Ni ndugu wa damu wa elfu yetu: sisi tulilipata kwa Waarabu, na Kiarabu na Kige'ez ni watoto wa ukoo mmoja wa Kisemiti. Ila elf ya Kige'ez ni 10,000. Mia nayo ina ndugu yake huko, mi'it, na hiyo imetulia palepale kwenye 100. Elfu moja ya kwetu, kwao ni "mia kumi", wala haina alama yake yenyewe.

Nimeanza na maneno kwa sababu yanatufikisha haraka kwenye fundo. Anayeandika tarakimu za Kige'ez kwenye kompyuta anakuta mashine imepewa alama zote, kamili, bila kasoro, lakini haikupewa hesabu iliyomo ndani yake. Alama ni kitu kimoja na hesabu ni kitu kingine. Kwa hizi tarakimu tulizozoea, 0 hadi 9, hatujawahi kulazimika kuvitenganisha, na ndiyo maana wengi wetu tunaotengeneza programu hatujui kama vinatengana.

Alama zenyewe ziko 20. Tisa ni za mamoja: ፩ ፪ ፫ ፬ ፭ ፮ ፯ ፰ ፱. Tisa ni za makumi, kuanzia kumi hadi tisini: ፲ ፳ ፴ ፵ ፶ ፷ ፸ ፹ ፺. Kisha kuna ፻, ambayo ni mia, na ፼, ambayo ni elfu kumi. Basi. Sifuri haipo.

Aliyepita shule ya msingi analikumbuka lile jedwali la mamoja, makumi, mamia na maelfu. Tarakimu 2 huwezi kujua thamani yake mpaka uone imekaa safu ipi, na safu ikiwa tupu sifuri inakaa hapo kuilinda, la sivyo 204 itageuka 24. Kige'ez hakina safu. Alama ፳ ni ishirini popote uikutapo. Huhitaji kumtazama jirani yake wa kulia ili ujue kama ni mbili au ishirini. Mia mbili na nne ni ፪፻፬, yaani mbili, mia, nne. Inaandikwa karibu sana na inavyotamkwa. Watu husema Wahabeshi "walikosa" sifuri, na mimi naona usemi huo unawaonea. Sifuri ni mlinzi wa safu tupu. Pasipo safu, mlinzi wa nini?

Mwaka 2024 unaandikwa ፳፻፳፬: ishirini mia, ishirini na nne. Vita vya Adwa, ambavyo kwa kalenda yetu vilipiganwa Machi 1896, kwa kalenda ya Ethiopia ni tarehe 23 mwezi wa Yekatit, mwaka 1888, na mwaka huo unaandikwa ፲፰፻፹፰. Tarehe 12 Septemba 2007 Ethiopia ilipoingia mwaka 2000 wa kalenda yake, mwaka mzima ulienea kwenye alama mbili tu: ፳፻. Kalenda za ukutani za huko bado huzionyesha tarakimu hizi pembeni ya zile za kawaida, na vitabu vya ibada huzitumia kwa sura na aya. Kwa bei za sokoni na hesabu za benki, watu wanaandika 1, 2, 3 kama sisi. (Na kwa kuwa tumegusa kalenda: saa wanazihesabu kama sisi, kuanzia jua linapochomoza. Saa moja asubuhi ya Addis Ababa ni saa moja asubuhi ya Mombasa, jambo ambalo mgeni kutoka Ulaya hulishangaa katika miji yote miwili.)

Asili ya alama hizi ni Ugiriki. Wagiriki walitumia herufi zao kuhesabia: alfa ilikuwa 1, beta 2, iota 10, ro 100. Katika karne ya 4, wakati wa mfalme Ezana, ufalme wa Aksum ulichonga maandishi yake kwenye mawe kwa Kige'ez na kwa Kigiriki pia, na ndani yake mnahesabiwa mateka na mifugo. Waandishi wa Aksum walikuwa na herufi zao, hawakuhitaji za Wagiriki. Walichochukua ni namba. Itazame ፲ uione iota. Itazame ፻ uione ro. Hata alama ambazo Wagiriki wenyewe walikwisha kuzitupa katika kuandika maneno, wakazibakiza kwa ajili ya kuhesabu tu, zimeacha wajukuu huku: 6 na 90, yaani ፮ na ፺. Mistari iliyolala juu na chini ya kila alama inamwambia msomaji kwamba hii ni namba, si herufi.

Lakini hawakunakili kila kitu. Wagiriki walikuwa na kialama cha kugeuza moja kuwa elfu. Waandishi wa Kige'ez wakakiacha, wakaamua kuzidisha kwa mia. Tazama ፼ kwa makini: ni ፻ mbili zilizoshikana mikono. Mia mara mia. Mfumo mzima umo ndani ya mchoro huo mmoja, na mtu akishaliona jambo hilo kila kitu kinachofuata kinakuwa chepesi.

Sasa tuingie kwenye mashine.

Kompyuta haihifadhi maumbo ya herufi. Inahifadhi namba, na kila namba imekubaliwa kuwakilisha herufi fulani. Zamani nafasi zilikuwa 256 tu kwa kila fonti. Kwa Kiswahili cha herufi za Kilatini hizo zinabaki. Kwa mwandiko wa Ethiopia hazitoshi, kwa kuwa kila konsonanti hubadilika umbo kufuatana na irabu inayoifuata, na jumla ya alama inapita 300. Kwa hiyo kila mtengenezaji wa programu aligawa alama kwenye fonti mbili au zaidi kwa mpango wake mwenyewe, na hati iliyoandikwa kwa programu moja ikifunguliwa kwa nyingine ilitoka vurugu tupu. Katika miaka ya 1990 Yitna Firdyiwek na Daniel Yacob walitoa mfumo ulioitwa SERA, wa kuandika Kige'ez, Kiamhari na Kitigrinya kwa herufi za Kilatini za kawaida, ili watu waandikiane barua pepe bila kutegemea fonti ya mtu yeyote.

Ufumbuzi wa kudumu ulikuwa Unicode, ule mkataba wa dunia nzima unaoipa kila alama ya kila mwandiko namba yake isiyobadilika. Mwandiko wa Ethiopia uliingia katika toleo la 3.0, Septemba 1999. Ulipewa mtaa unaoanzia 1200 hadi 137F, kwa hesabu ya heksadesimali inayopendwa na wataalamu wa kompyuta, ambayo baada ya 9 huendelea na A hadi F, na tarakimu zake 20 zikapangwa mfululizo: ፩ kwenye 1369, ፪ kwenye 136A, hadi ፼ kwenye 137C. Mistari ya juu na chini haikupewa namba yake. Ilihesabiwa kuwa sehemu ya umbo. Katika miswada ya mkono mwandishi hupitisha mstari mmoja juu ya namba nzima, lakini kwenye kioo cha simu kama mistari itagusana au itakatika ni juu ya aliyechora fonti. Naona huo ulikuwa uamuzi sahihi, maana mstari hauongezi wala kupunguza thamani.

Hadi hapo hakuna matata. Alama zina anwani, fonti zipo, ujumbe unatumwa kutoka Addis Ababa na kusomeka Washington. Matata yanaanza pale kompyuta inapoulizwa: hii ni ngapi?

Unicode haiishii kwenye kutoa anwani. Kila alama ina kadi yake, na kwenye kadi imeandikwa ni ya aina gani: herufi, kituo, namba. Namba zenyewe zimegawanywa kwenye rafu tatu. Rafu ya kwanza ni ya tarakimu za desimali kamili, zile zinazofanya kazi kwa safu: 0 hadi 9 zetu, na pia ٠ hadi ٩ za Kiarabu, ambazo wasomaji wa miswada ya kale ya Kiswahili wanazijua. Rafu ya pili ni ya alama zenye thamani ya tarakimu moja lakini ambazo huwezi kuzipanga kwenye safu. Rafu ya tatu ni ya alama zenye thamani yoyote nyingine. Tarakimu ፩ hadi ፱ zimo rafu ya pili. ፲ hadi ፼ zimo ya tatu. Hata majina yao rasmi yamefuata mgawanyo huo: tisa za kwanza zinaitwa "tarakimu", zilizobaki zinaitwa "namba".

Unaweza kulithibitisha hili kwa dakika moja ukiwa na lugha ya programu ya Python. Ipe ٢٤ iigeuze kuwa namba, nayo itakupa 24 bila kusita. Ipe ፳፬, ambayo ni 24 ileile, nayo itakataa kwa kosa. Haikatai kwa kutoijua ፳. Ukiiuliza thamani ya ፳ peke yake itajibu 20, na ፼ itajibu 10000. Thamani ya kila alama inaijua. Isichojua ni kwamba mbili zikikaa pamoja unafanya nini: unajumlisha, unazidisha, au unazipanga kwenye safu?

Kuna njia ya mkato ambayo waandishi wa programu huitumia bila kufikiri: chukua msimbo wa tarakimu, yaani ile anwani yake, toa msimbo wa sifuri, unapata thamani. Kwa 7 inafanya kazi kwa kuwa 0 hadi 9 zimepangwa kwenye foleni moja. Kwa Kige'ez kiti kilicho kabla ya ፩, yaani 1368, kimekaliwa na ፨, alama ya kutenganisha aya. Programu inayoamini kwamba kabla ya moja daima kuna sifuri itaihesabu alama ya aya kuwa sifuri.

Kitamil cha India kilipitia njia inayofanana, kisha zikaachana. Nacho kilikuwa na tarakimu 1 hadi 9 pamoja na alama za pekee za 10, 100 na 1,000, na katika Unicode kiti kilicho kabla ya moja yake kiliachwa wazi. Mwaka 2005, katika toleo la 4.1, kiti hicho kilijazwa kwa sifuri, na Kitamil kikawa na foleni kamili ya 0 hadi 9. Kwa Kige'ez mlango huo umefungwa. Kanuni ya Unicode ni kwamba alama ikishapewa anwani haihamishwi, hivyo ፨ haitoki. Mwishoni mwa mtaa mmebaki viti vitatu vitupu, 137D hadi 137F, lakini sifuri iliyokaa nyuma ya elfu kumi haiwezi kuunda foleni. Nami sioni hasara. Kukipa Kige'ez sifuri ili kompyuta iridhike ni kuwabadilishia watu hesabu yao.

Njia ya heshima ni kuifundisha kompyuta hesabu yenyewe, na kanuni yake imekwisha kuandikwa. Imo katika viwango vya CSS, lugha inayopamba kurasa za wavuti, kwa jina la ethiopic-numeric, na kivinjari kinachoifuata kinaweza kuhesabu orodha yako kwa ፩, ፪, ፫. Tuifuate kwa namba 123,456.

Kwanza igawe kwa jozi za tarakimu mbilimbili kuanzia kulia: 12, 34, 56. Zipe jozi namba za foleni, kuanzia sifuri kulia: 56 ni ya 0, 34 ni ya 1, 12 ni ya 2. Andika kila jozi kwa kumi na moja yake: ፲፪, ፴፬, ፶፮. Kisha jozi yenye foleni witiri iongezee ፻, isipokuwa ikiwa ni 00, na yenye foleni shufwa iongezee ፼, isipokuwa ile ya 0 ambayo haiongezewi kitu. Unapata ፲፪፼፴፬፻፶፮. Soma: kumi na mbili mara elfu kumi, thelathini na nne mara mia, hamsini na sita. Jumlisha, ni 123,456.

Namba ikikua zaidi, ፻ inaanza kufanya kazi mara mbili. 7,654,321 ni ፯፻፷፭፼፵፫፻፳፩. Ile ፻ ya kwanza iko ndani ya kifurushi cha ፼: mia saba na sitini na tano, vyote mara elfu kumi. Ya pili iko nje: arobaini na tatu mara mia. Alama ileile, msimbo uleule, lakini moja inahesabu mamilioni na nyingine maelfu. Anayetaka kusoma namba hizi kwa programu hawezi kupita alama moja moja akijumlisha. Lazima akusanye, akifika ፼ azidishe yote aliyokwisha kukusanya, ndipo aendelee.

Panapochanganya kabisa ni kwenye moja. Kwa kawaida 100 huandikwa ፻, si ፩፻, kama sisi tunavyosema "mia" bila kulazimika kusema "mia moja". Kanuni inasema jozi ikiwa ni moja tu, hiyo moja ifutwe ikiwa iko kwenye jozi ya kwanza kushoto, au kwenye jozi yoyote ya mia (isipokuwa namba yote ikiwa ni 1, ambayo hubaki ፩). Basi 10,100 ni elfu kumi na mia: ፼፻. Milioni moja ni mia ya elfu kumi: ፻፼. Alama mbili zilezile. Geuza mpangilio tu, na umetoka elfu kumi na mia hadi milioni. Sasa jaribu 1,010,000, ambayo ni elfu kumi mara mia na moja. Mwandishi wa programu mwenye haraka atafuta moja zote na kubaki na ፻፼, ambayo tumeona ni milioni kamili, 10,000 zimepotea. Ndiyo maana kanuni inaizuia moja iliyo kabla ya ፼ isifutwe inapokuwa katikati ya namba: jibu sahihi ni ፻፩፼. Kama unaandika programu ya aina hii, anza kuijaribu kwa namba hizi tatu. Zikipita, nyingi nyingine zitapita.

Hazina ya CLDR, inayotunza desturi za lugha mbalimbali kwa ajili ya programu, nayo imekubali ukweli huu. Imegawa mifumo ya namba katika makundi mawili: inayobadilisha tarakimu moja kwa moja, kama ya Kiarabu, na inayohitaji kanuni ya kukokotoa. Kige'ez kimo kundi la pili. Programu nyingi zinalishughulikia la kwanza tu. Fomu ya mtandaoni inayodai "tarakimu pekee" itaikataa ፳፻ kama mtu ameandika maua. Ukitafuta 2024, hati iliyoandikwa ፳፻፳፬ haitatokea. Na ukipanga orodha kwa mfuatano wa misimbo, ፪፻, yaani 200, itatangulia ፫, na ፲፻, yaani 1,000, itatangulia ፳. Tarakimu zetu nazo zina ugonjwa huo, 10 hutangulia 2, ila sisi tuna dawa ya kienyeji: tunajaza sifuri mbele, 002, 010, na mambo yanakaa sawa. Kige'ez hakina cha kujazia.

Basi, kwa programu za kawaida, kama kalenda, hifadhi 24 kama 24 na uigeuze kuwa ፳፬ pale tu unapoionyesha. Kupanga na kutafuta kutafanyika kwa namba halisi, na msomaji ataona alama zake.

Kwa miswada ushauri huo unageuka sumu. Ethiopia na Eritrea zina hazina kubwa ya vitabu vya ngozi katika makanisa na monasteri, na Chuo Kikuu cha Hamburg, Ujerumani, kina mradi wa Beta maṣāḥǝft unaovielezea vitabu hivyo kwa njia ya kidijitali. Mwandishi wa karne zilizopita hakuwa na CSS mbele yake. Akiandika ፩፻ badala ya ፻, hiyo ni tabia ya mkono wake, na tabia kama hiyo inaweza kumsaidia mtafiti kujua kitabu kilitoka wapi au kilinakiliwa na nani. Programu ikiisoma kuwa 100, kisha ikaiandika upya ፻ kwa kufuata kanuni, imefuta ushahidi. Kwa kazi hiyo viwango vya TEI, vinavyotumiwa na wahariri wa matini za kale, vina lebo ya namba yenye sehemu mbili: ndani ya lebo unaweka alama kama zilivyo kwenye ngozi, ፩፻, na pembeni unaandika thamani yake, 100. Kompyuta inapanga na kutafuta kwa ile ya pembeni. Ile ya ndani haiguswi.